Jicho la rubani likiumia: aripoti lini, kwa nani, na nani abebe gharama?

Miongoni mwa marubani wa ndege ndogo, wanafunzi wa urubani na hata wahudumu wa afya wa mikoani, kuna mkanganyiko usiokwisha. Rubani mwenye cheti cha afya ambacho muda wake haujaisha, akiumia jicho, anatakiwa kufanya nini? Wapo wanaosema lazima apeleke taarifa Mamlaka ya Usafiri wa Anga siku hiyohiyo. Wapo wanaosema asubiri ukaguzi wake unaofuata, maana tarehe iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo inayohesabika. Na wapo wanaomshauri pembeni, kwa sauti ya chini: ukipona yameisha, usijichongee.

Kila upande una hoja yake na kila upande una tobo lake. Ninavyoona mimi, ubishi wenyewe umeanzia mahali pasipofaa. Watu wanabishania siku ya kupeleka karatasi, wakati swali la kwanza ni nani mwenye haki ya kusema kwamba jicho limepona, na la pili ni nani anamlipa rubani siku anazokaa chini akisubiri jibu hilo. Maswali hayo mawili yasipojibiwa, kanuni iwe kali kiasi gani, taarifa hazitafika.

Kwa nini swali hili ni zito Morogoro

Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilometa chache kusini yake, kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na ndani zaidi Kimhandu kinapita mita 2,600. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi kiwanja cha ndege cha Hifadhi ya Mikumi, mstari huo unaikata milima ya Uluguru. Mteremko wa mashariki, unaotazamana na Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi na mawingu huulalia kwa muda mrefu. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi, na kiangazi kikishika, moshi wa mashamba yanayochomwa huifanya milima ififie hadi rangi yake ikaribiane na ya anga.

Ndege nyingi zinazopeleka watalii Mikumi, Ruaha na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni ndogo, za aina ya Cessna Caravan: injini moja, na kisheria rubani mmoja anatosha kuirusha. Viwanja vya porini ni vya changarawe, bila mitambo ya kumshika mkono rubani hadi anagusa ardhi. Anashuka kwa macho yake. Anatazama kama kuna nyumbu au twiga karibu na njia, anasoma upepo kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa mlingotini, anakisia urefu kwa jinsi njia inavyotanuka mbele yake. Jioni, jua likiwa limeshuka usoni mwake, kovu dogo kwenye kioo cha jicho linatosha kuutawanya mwanga huo na kumfichia kitu kilicho mbele.

Morogoro pia ni mkoa wa mashamba. Kuna mkonge pembezoni mwa mji, miwa Mtibwa na Kilombero, mpunga Dakawa na bonde lote la Kilombero. Kazi hizi huumiza macho. Kweleakwelea wanapovamia mpunga na nafaka nyingine, silaha inayotumika nchini ni ndege za kunyunyizia sumu ya fenthion. Sumu hii ni ya jamii ya organofosfeti, ambazo zikimwingia mtu zinaweza kuibana mboni na kufifisha uoni bila jicho kupata mchubuko wowote. Wanaopakia sumu na wanaorusha ndege hizo wanahusika moja kwa moja. Na tusimsahau swila, ambaye hutema sumu akilenga uso. Dawa ya kwanza hapo ni maji safi mengi, mara moja, kisha hospitali.

Jicho lililopona na jicho linalodhaniwa limepona

Tuchukue tukio la kawaida kabisa. Rubani yuko likizo kwao Mgeta, anasaidia kuvuna mahindi, jani kavu linamkwaruza jicho la kulia. Kilichokwaruzwa ni konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Ngozi yake ya juu ni nyembamba mno na ina neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, ndiyo maana maumivu yake hayalingani na ukubwa wa jeraha. Usiku ule machozi hayakauki na mwanga wa taa unachoma. Lakini ngozi hiyo hujifunga upesi, ndani ya siku 1 hadi 3. Siku ya tatu anafungua jicho, anaona, anasema amepona.

Mara nyingi ni kweli. Shida ni zile mara ambazo si kweli. Jani la mahindi, ncha ya mkonge na pumba za mpunga hubeba fangasi, na katika nchi za joto jeraha la mmea ni mlango unaojulikana wa fangasi kuingia kwenye konea. Fangasi haina haraka. Jicho linaweza kutulia siku kadhaa, kisha likaanza kuwa jekundu tena, na doa la kijivu likatokea pale palipokwaruzwa. Hapo ndipo wengi hukimbilia duka la dawa muhimu na kutoka na kichupa cha matone yenye antibayotiki pamoja na deksamethasoni. Wekundu hupungua kwa sababu deksamethasoni huzima uvimbe, na huku ikizima uvimbe inaudhoofisha ulinzi wa jicho, fangasi inapata nafasi ya kula ndani zaidi. Mgonjwa anajisikia nafuu wakati jicho linaharibika. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zina hatari yake pia: madaktari wa macho nchini wameeleza kwa miongo mingi uhusiano wake na vidonda vya konea.

Pigo butu, la mpira, tawi au ngumi, ni hadithi nyingine. Damu inaweza kujikusanya mbele ya mboni na kuvuja upya ndani ya siku chache baada ya kuonekana imekauka. Retina inaweza kuchanika na kubanduka wiki au miezi baadaye, ikitanguliwa na vimulimuli, vidoa vyeusi vinavyoelea na kivuli kinachoshuka kama pazia. Mtoto wa jicho unaweza kuota taratibu. Presha ya jicho inaweza kupanda miaka kadhaa baada ya pigo ambalo mwenyewe ameshalisahau.

Matibabu nayo yana hatari zake kwa anayeruka. Matone ya atropini hupanua mboni na kuathiri kuona karibu kwa siku nyingi, wakati mwingine hata wiki. Baada ya baadhi ya upasuaji wa retina, daktari huacha kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiishikilie retina mahali pake. Presha ya hewa ikipungua angani, gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda ghafla, na jicho linaweza kupofuka moja kwa moja. Onyo hili linamhusu abiria sawasawa na rubani, na hata mgonjwa anayetaka kupanda gari kutoka Morogoro mjini kwenda vijiji vya juu vya Uluguru amwulize kwanza daktari aliyempasua.

Nimekaa kwenye maelezo haya ya kitabibu kwa makusudi. Mjadala wote wa kuripoti unategemea dhana moja, kwamba rubani atajua mwenyewe kama jicho lake liko salama. Ushahidi wa tiba unasema maumivu ni shahidi mbaya: mchubuko mdogo hulia sana, na retina ikibanduka haiumi hata kidogo.

Kanuni zilivyo

Msingi ni Mkataba wa Chicago wa 1944 na Kiambatisho chake cha Kwanza, kinachohusu leseni za watumishi wa anga na kusimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huoanisha kanuni zao kupitia wakala wao wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Rubani wa Dar es Salaam na mwenzake wa Nairobi wanasimama juu ya msingi uleule, ingawa kila mmoja anabanwa na kanuni za nchi iliyompa leseni.

Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, rubani binafsi cha Daraja la Pili. Cheti cha Daraja la Kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12. Kwa aliyepita miaka 60 hudumu miezi 6, na vivyo hivyo kwa aliyepita miaka 40 ikiwa anabeba abiria kibiashara akiwa rubani peke yake, kama inavyotokea kwenye safari nyingi za porini. Kwa kuona mbali, Daraja la Kwanza linataka 6/9 kwa kila jicho peke yake, kwa miwani au bila miwani, na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja. Maana ya 6/9 ni kwamba mtu anasoma akiwa mita 6 herufi ambazo jicho zima husoma likiwa mita 9. Daraja la Pili limelegezwa: 6/12 kwa kila jicho, 6/9 kwa yote mawili. Hupimwa pia upana wa uoni, rangi, kuona karibu na jinsi macho yanavyofanya kazi pamoja.

Kuhusu jeraha, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni amri ya Kiambatisho hicho: mwenye leseni asitumie leseni yake wakati wowote anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi kinachoweza kumzuia kufanya kazi kwa usalama. Amri hii haina siku ya kusubiri wala fomu. Inaanza dakika jicho lilipoumia, na tarehe ya cheti haiifuti. Cheti kinasema rubani alikuwa mzima siku alipokaguliwa. Uzima wa leo anaubeba mwenyewe.

La pili ni pendekezo, lililokuwa kwenye matoleo ya zamani ya Kiambatisho hicho, la kutoa taarifa kwa mamlaka iliyotoa leseni, pale afya ilipopungua kwa zaidi ya siku 20, au inapohitaji kuendelea na dawa za kuandikiwa, au ilipohitaji matibabu ya hospitali. Hapa ndipo penye tobo ambalo sijaona likijadiliwa ipasavyo kwetu. Vigezo hivi vinamdhania mtu anayeishi mahali ambapo dawa haitoki bila cheti cha daktari na kila tiba inaacha karatasi. Kwetu rubani anaweza kununua matone dirishani bila kuandikiwa na mtu. Anaweza kutibiwa zahanati ya kijiji, kisha akajiuliza kwa dhati kabisa kama zahanati ni hospitali. Jeraha la siku 12 lililotibiwa kwa kichupa cha dukani linapita katikati ya vigezo vyote vitatu bila kugusa hata kimoja, na huenda ndilo jeraha lenye fangasi.

Hoja ya kuripoti kila jeraha papo hapo

Wenye msimamo huu wana jambo zito upande wao: unamwondolea rubani kazi ya kujihukumu. Hahitaji kupima kama jeraha ni dogo au kubwa. Limetokea, ameripoti, wenye utaalamu waamue. Pia unaacha kumbukumbu. Miaka 5 baadaye presha ya jicho ikipanda, daktari anajua pigo lilitokea lini na jicho lilikuwaje wakati ule.

Udhaifu wake unaonekana ukiutazama kazini. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na mikoani. Lau kila rubani na kila mwongoza ndege aliyewashwa jicho angelazimika kufungua jalada Mamlaka, majalada yangefurika, na lile la rubani aliyechomwa na mkonge lingekaa katikati ya mamia ya macho yaliyopona yenyewe. Kuna na hili: mtu akiona kwamba vumbi la bodaboda na jeraha la kweli vinampeleka kwenye meza ileile, na kwamba meza hiyo ina uwezo wa kumnyang'anya kazi, atajifunza kunyamaza juu ya vyote viwili. Ukali usiobagua hufundisha watu kuficha.

Hoja ya kusubiri ukaguzi unaofuata

Msimamo huu una asili inayoeleweka. Nchini Marekani, rubani mwenye tatizo la kiafya la muda hatakiwi kuruka, lakini kwa kawaida halazimiki kuiandikia mamlaka papo hapo. Atajieleza kwenye fomu ya ukaguzi unaofuata, ambayo humtaka ataje kila mtaalamu wa afya aliyemwona katika miaka 3 iliyopita. Marubani wengi wa Afrika Mashariki hujisomea vitabu na miongozo ya Marekani, na wengine wamefunzwa hukohuko. Wanarudi na nusu ya kanuni. Wanachukua ruhusa ya kusubiri na kuacha katazo la kuruka, ilhali katazo ndilo linaloifanya ruhusa hiyo iwe salama.

Nguvu ya utaratibu wa Kimarekani ni kwamba unamheshimu rubani kama mtu mzima. Wengi hupumzika, hutibiwa, hupona na kurudi kazini bila urasimu. Lakini hata huko umewahi kushindwa. Tarehe 19 Oktoba 1996, ndege ya Delta, safari namba 554, iligonga nguzo za taa za kukaribia njia ikitua LaGuardia, New York, mvua ikinyesha na maji yakiwa chini yake. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walihitimisha kwamba nahodha alikuwa amevaa lenzi za machoni za mfumo wa jicho moja kuona mbali na jingine kuona karibu, jambo lililompunguzia uwezo wa kukisia urefu, na akadanganywa na mandhari ya maji na taa. Lenzi hizo hazikuruhusiwa kwa marubani. Alikuwa na cheti halali. Leo fomu ya Marekani inamwuliza rubani waziwazi kama hutumia lenzi za kuonea karibu akiwa anaruka.

Funzo ninalolichukua hapo ni kwamba ukaguzi wa mara moja kwa mwaka huona kile tu unachokiuliza. Rubani wa Daraja la Kwanza aliyeumia mwezi mmoja baada ya kukaguliwa ana miezi 11 ya kutua Mikumi kabla mtu mwingine yeyote hajalitazama jicho lile. Kwa jeraha la jicho, muda huo ni mrefu mno.

Hoja isiyosemwa hadharani

Tuseme ukweli kuhusu ushauri wa kunyamaza, maana una sababu, na anayeuchukulia kama utovu wa maadili tu hataupunguza. Mafunzo ya urubani ni ghali. Ipo familia iliyouza shamba, ipo iliyokopa, na kijana mwenyewe anaingia kazini akiwa na deni. Pale ambapo sehemu ya malipo yake inategemea saa anazoruka, kila siku ya kukaa chini ni ada ya mdogo wake inayochelewa. Na jicho ndicho kiungo kinachoogopwa kuliko vyote katika kazi hii. Mtaani mtu akisikia rubani ameumia jicho, anachosema ni kwamba amekwisha.

Woga huu si wa kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliowahoji marubani 3,765, ulikuta asilimia 56.1 wamewahi kukwepa huduma za afya kwa namna fulani wakihofia cheti chao. Huko ni kwenye nchi yenye bima nyingi na madaktari wa anga wengi.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Germanwings. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi alimfungia nahodha nje ya chumba cha marubani na kuishusha ndege kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa. Watu 150 walikufa, yeye akiwamo. Maradhi yake yalikuwa ya akili, na nisingependa mtu ayafananishe na jani la mahindi. Lakini ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ina mambo yanayotuhusu hapa. Miezi ya mwisho alikuwa akizunguka kwa madaktari, wakiwamo wa macho, akilalamika kwamba uoni wake unapotea, na hawakupata ugonjwa kwenye macho yenyewe. Alikuwa na vyeti vya kumpumzisha kazini ambavyo mwajiri hakuviona. Madaktari binafsi walijua vipande vya habari; wenye dhamana ya leseni hawakujua. Wachunguzi hawakuishia kudai adhabu kali. Walitaka mipaka ya siri ya mgonjwa ielezwe wazi, na walitaka makampuni yapunguze hasara ya kipato inayomkabili rubani anayepoteza leseni, kwa sababu waliona hasara hiyo ni sehemu ya kinachowanyamazisha watu.

Siri ya mgonjwa, kwa upande wake, inalindwa na Kiambatisho chenyewe cha ICAO: taarifa za kitabibu zinatakiwa kuheshimiwa kama siri wakati wote. Taarifa ya jicho inayofika kwa wataalamu wa afya wa Mamlaka haipaswi kuishia kwa meneja wa kampuni ikiwa na maelezo yote ya ugonjwa. Meneja anahitaji kujua jambo moja tu, yaani rubani anaruhusiwa kuruka au haruhusiwi. Marubani wengi hawalijui hilo, na Mamlaka ingefanya vyema kulisema mara kwa mara kwa Kiswahili chepesi.

Jicho moja si lazima liwe mwisho

Imani kwamba jeraha la jicho ni kifo cha kazi inaongezewa nguvu na watu kutojua kanuni. Kiambatisho cha Kwanza kina kifungu cha kulegeza. Asiyetimiza kiwango anaweza bado kupewa cheti kama hitimisho la wataalamu wa tiba ya anga linaonyesha kwamba upungufu wake, kwa mazingira yake mahususi, hauelekei kuhatarisha usalama, na ujuzi na uzoefu wake huzingatiwa. Cheti kinaweza kuwekewa masharti: aruke na mwenzake, avae miwani, asiruke usiku.

Mwaka 1926 Mmarekani Wiley Post alipoteza jicho la kushoto kwenye ajali ya visima vya mafuta Oklahoma. Kwa fedha za fidia alinunua ndege yake ya kwanza. Alijifundisha upya kukisia umbali, na mwaka 1933 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege akiwa peke yake. Leo Marekani humpa rubani wa jicho moja muda wa kuzoea, kwa kawaida miezi 6, kisha humjaribu angani kabla ya kumrudishia kibali.

Sababu ya kitaalamu ipo. Uwezo wa kupima umbali kwa kulinganisha macho mawili hufanya kazi zaidi kwa vitu vya karibu. Rubani anayeshuka hutegemea pia umbo la njia, kasi ya vitu vinavyompita na ukubwa anaouzoea, ambavyo jicho moja linaweza kujifunza. Analopoteza ni eneo la pembeni upande wa jicho lililokufa, na anahitaji kuifundisha shingo wajibu mpya. Lakini neno lenye uzito hapo ni muda. Aliyepoteza jicho mwaka 1926 akaruka baada ya kujifunza upya hafanani na anayeficha jicho lililofifia wiki iliyopita na kesho anatua kwenye changarawe na watalii kumi nyuma yake.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, amri ya kutoruka ndiyo ninayoiweka mbele, na hiyo haina mjadala. Kwenye kuripoti, sioni sababu ya kila jicho lililoingia vumbi kufika Mamlaka, na sikubali hata kidogo kusubiri mwaka. Napendekeza mstari upite kwenye aina ya jeraha badala ya karatasi za tiba. Kitu cha mmea, chuma au kemikali kikigusa jicho, au pigo lolote lililobadilisha uoni hata kwa saa chache, au tone lolote la dawa lililotumika zaidi ya siku 2, hata lililonunuliwa dukani: rubani ampigie daktari wa anga aliyemkagua, kabla ya safari inayofuata. Daktari huyo ndiye aamue kama jambo liende Mamlaka. Kwa njia hiyo rubani hajihukumu mwenyewe, na Mamlaka haizami kwenye macho mekundu.

Kuna gharama, sikatai. Daktari wa anga hakai kila wilaya, na rubani wa kambi ya porini atapoteza siku nzima kumfuata. Lakini tangu Juni 2024 treni ya SGR huunganisha Morogoro na Dar es Salaam kwa saa 2 hivi, kwenye madaktari bingwa wa macho wa Muhimbili na CCBRT. Umbali umepungua kama kisingizio, angalau kwa aliyeko mjini.

Mhudumu wa afya anayepokea jicho lililoumia, awe Kinole, Matombo au hospitali ya rufaa ya mkoa, naye ana sehemu yake. Aandike kazi ya mgonjwa kwenye kadi, na akisikia ni rubani, fundi wa ndege au mwongoza ndege, amwambie asirudi kazini hadi aonwe na daktari wa anga, na asimpe matone yenye deksamethasoni kabla konea haijachunguzwa kwa rangi na mwanga wa bluu. Uchunguzi huo ni wa dakika chache.

Linabaki suala la fedha, na hapa lawama ihame kutoka kwa rubani. Kampuni inayomtaka aripoti jicho lake huku ikimkata malipo siku anayoripoti inanunua ukimya, hata kama haikukusudia. Mkataba wa rubani useme kwamba aliyezuiwa na daktari wa anga anaendelea kulipwa mshahara wa msingi pamoja na wastani wa malipo ya saa zake kwa siku 20 za kwanza, zilezile 20 zilizotajwa kwenye pendekezo lile la zamani la ICAO, bila kuulizwa zaidi ya cheti cha kuzuiwa kuruka. Zikipita, bima ya kupoteza leseni, ikilipiwa kwa pamoja na mwajiri na mwajiriwa tangu siku ya kwanza ya ajira, ichukue nafasi hadi atakaporuhusiwa kuruka au atakapopata kazi nyingine ya ardhini. TCAA inaweza kuyafanya haya kuwa sehemu ya inachokagua inapofika kwenye ofisi za makampuni, kama inavyokagua saa za kupumzika za marubani.